Kisiwa cha Norfolk, 1840: mkuu wa gereza aliyefungua milango, na kilichotokea alipoondolewa

Mbuyu wa Kale (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila magereza yanapotajwa kwenye habari, iwe ni msongamano, iwe ni msamaha wa rais siku ya sikukuu ya taifa, mjadala wetu unaishia pale pale. Wengine wanataka yajengwe magereza mapya, wengine wanataka wafungwa wabanwe zaidi. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo silisikii: mageuzi yakishafanyika, nani anayalinda aliyeyaleta akiondoka? Nimesoma historia hii kwa muda mrefu, na kisa kinachoninyima raha kuliko vyote ni cha Alexander Maconochie. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie baadaye.

Maconochie alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1787, akawa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1811 meli yake ilinaswa pwani ya Uholanzi, akatekwa na Wafaransa, akakaa kifungoni Verdun hadi 1814. Kwa hiyo alijua maana ya kufungiwa mlango kwa nje. Baadaye alikuwa profesa wa kwanza wa jiografia pale University College London, na mwaka 1836 akaenda Tasmania (wakati huo ikiitwa Van Diemen's Land) kama katibu wa gavana Sir John Franklin. Huko Waingereza walikuwa wakiwapeleka wafungwa wao na kuwagawa kwa walowezi kama vibarua wasiolipwa. Maconochie aliandika ripoti akasema mfumo ule unamharibu mfungwa na unamharibu pia bwana aliyepewa mfungwa. Ripoti ilipochapishwa London mwaka 1838, walowezi walichachamaa, na Franklin akamfukuza kazi.

Lakini London kuna waliomsikiliza. Wakampa Norfolk.

Mjue kwanza palikuwa mahali gani. Norfolk ni kisiwa cha kilomita za mraba kama 35, mbali sana mashariki ya Australia. Ndipo walipotupwa wale waliorudia makosa wakiwa tayari uhamishoni, yaani waliohesabiwa kuwa hawafai tena kwa lolote. Mwaka 1834 waliasi, uasi ukazimwa. Padri Mkatoliki, William Ullathorne, akatumwa kuwaandaa watakaonyongwa. Aliingia na majina ya wanaokufa na wanaopona. Miaka michache baadaye aliieleza kamati ya Bunge la Uingereza alichokiona: kila aliyeambiwa amesamehewa adhabu ya kifo alilia kwa uchungu, na kila aliyeambiwa atanyongwa alipiga magoti, macho makavu, akamshukuru Mungu. Walionyongwa walikuwa 13. Nikifika hapo huwa nafunga kitabu kwanza.

Maconochie alishuka kisiwani Machi 1840 na kukuta wafungwa zaidi ya 1,000. Aliondoa jukwaa la kunyongea. Aliwaruhusu kula kwa visu na uma, kitu ambacho walikuwa wamenyimwa. Aliwapa vipande vya ardhi walime mboga na tumbaku, wale na wauze. Akajenga makanisa mawili, la Wakatoliki na la Waprotestanti, akaleta vitabu na ala za muziki.

Tarehe 25 Mei mwaka huo, ikisherehekewa siku ya kuzaliwa Malkia Victoria, alifungua milango yote. Wafungwa wakatembea kisiwa kizima, wakaogelea, wakala karamu naye akapita katikati yao, wakanywa afya ya Malkia kwa juisi ya limau iliyotiwa ramu kidogo. Jioni wafungwa wenyewe wakaigiza mchezo, zikapigwa fataki. Tarumbeta ilipolia wote wakarudi mabwenini, hakuna aliyetoroka wala aliyepigwa. Habari zilipofika Sydney na London zikapokelewa kama kashfa.

Sherehe ndiyo inayosimuliwa sana, lakini kiini cha kazi yake kilikuwa mfumo wa alama. Maconochie alisema mtu asihukumiwe miaka, ahukumiwe kazi. Aliyefungwa miaka 7 alitakiwa kukusanya alama 6,000, wa miaka 10 alama 7,000, wa maisha alama 8,000. Kazi ya uaminifu ya siku nzima ilimpa alama 10. Lakini chakula naye alikinunua kwa alama hizo hizo: cha chini kabisa alama 3 kwa siku, cha wastani 4, kizuri 5. Nimepiga hesabu mwenyewe: mwenye deni la 6,000 akila cha alama 3 anabakiza 7 kila siku, anamaliza deni kwa siku zisizofika 860. Akila cha alama 5, siku 1,200. Akitegea, anakaa. Akiharibu, anapunguziwa alama badala ya kupigwa mijeledi. Baadaye wanaingizwa kwenye vikundi vya watu sita ambamo alama za mmoja ni za wote, ili kila mtu awe na sababu ya kumshika mkono mwenzake.

Tazameni alichokifanya. Mtu aliyeamka kila asubuhi bila kuwa na la kuamua, sasa kabla ya kifungua kinywa anaamua jambo linalogusa siku yake ya kutoka. Ufunguo upo mikononi mwake. Sijaona katika historia yote ya magereza wazo lililomheshimu mfungwa zaidi ya hili, na bado lilimdai zaidi kuliko mjeledi.

Sasa tatizo, na ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Maconochie hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumwachia mtu aliyemaliza alama zake. Gavana wa New South Wales, koloni lililokuwa na mamlaka juu ya Norfolk, Sir George Gipps, alisema wazi kwamba sheria haimruhusu. Watu wakakusanya alama, wakafika, wakaambiwa subirini. Ahadi ilisimama juu ya neno la mtu mmoja, na neno la mtu mmoja halina muhuri.

Hata hivyo angalieni matunda. Palikuwa na kijana, Charles Anderson, baharia aliyejeruhiwa kichwa kwenye vita vya Navarino mwaka 1827. Kule Sydney aliwahi kufungwa kwa mnyororo kwenye mwamba juu ya Goat Island, watu wakipita kwa mashua wanamtazama na kumrushia mabaki ya mkate. Mgongo wake ulikuwa umeliwa na mijeledi. Maconochie alimpa kazi ya kufuga mafahali wakorofi na akakataza mtu yeyote kumkera. Mafahali wakatulia, naye akatulia. Baadaye akampa kituo cha kupeperusha bendera za ishara juu ya Mlima Pitt, kazi ya ubaharia aliyoijua tangu utotoni. Gipps alipozuru kisiwa mwaka 1843 alimwona amevaa sare yake safi akauliza yule kijana mtanashati ni nani.

Gipps alikuta utulivu na aliandika hivyo. Lakini barua ya kumwondoa Maconochie ilikuwa imeshaamuliwa London. Aliondoka Februari 1844. Kwa hesabu alizotoa mwenyewe, kati ya wale sugu walioachiwa katika muda wake, waliohukumiwa tena hawakufika watatu katika mia. Mtu anaweza kusema ni hesabu za mwenye kesi, sawa. Ila mimi sijakutana na hesabu za kuzipinga.

Aliyemfuata, Meja Joseph Childs, alirudisha mijeledi na akafuta yale mengine moja baada ya jingine. Tarehe 1 Julai 1846 wafungwa waliamka wakakuta sufuria na makopo yao ya kupikia yamechukuliwa usiku. Wakavunja stoo, wakayarudisha, kisha wakawageukia walinzi na kuwaua. Oktoba 13 walinyongwa 12 kwa siku moja. Jukwaa lilirudi.

Na si Norfolk tu. Mwaka 1849 Maconochie alipewa gereza jipya la Birmingham, mwaka 1851 akaondolewa. Nafasi ikachukuliwa na aliyekuwa naibu wake, Luteni William Austin. Aprili 1853 mtoto wa miaka 15, Edward Andrews, aliyefungwa miezi mitatu kwa kuiba nyama ya ng'ombe, alijinyonga ndani ya selo. Alikuwa amepewa kazi ya kuzungusha mkono wa mashine isiyozalisha chochote mara 10,000 kwa siku: 2,000 kabla ya kifungua kinywa, 4,000 kabla ya chakula cha mchana, 4,000 kabla ya cha jioni. Akishindwa anafungwa ukutani kwa koti la kubana mikono na kola ya ngozi shingoni. Tume ya kifalme ilichunguza, Austin akafungwa miezi mitatu. Haki itendeke kwa pande zote: tume hiyo iligundua kwamba Maconochie naye alitoa adhabu zisizokuwemo kwenye sheria. Hakuwa malaika.

Aliyeliokoa wazo ni mwingine kabisa: Walter Crofton, mkuu wa magereza ya Ireland kuanzia 1854. Alichukua alama akazitia ndani ya utaratibu wa serikali. Kwanza miezi kadhaa ya upweke katika gereza la Mountjoy, kisha kazi za umma ambako mfungwa anapanda daraja kwa alama, kisha kituo cha wazi pale Lusk, kisicho na kuta, watu wanalima na kulala kwenye vibanda vya chuma, kisha kibali cha kuishi nje chini ya uangalizi. Dublin alikuwepo bwana mmoja, James Organ, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa waajiri kuwaombea kazi waliotoka na kuwatembelea. Mwaka 1870 wakuu wa magereza wa Marekani walikutana Cincinnati wakaupitisha mwelekeo huo, mwaka 1876 likafunguliwa gereza la Elmira, New York, na kutoka hapo parole, yaani kuachiwa mapema chini ya uangalizi, ikaenea.

Nasi tumo. Soma kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza ya Kenya, Sura ya 90: mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja anaweza, kwa bidii ya kazi na mwenendo mwema, kupata msamaha wa theluthi moja ya kifungo chake, isipokuwa wa maisha na wengine waliotajwa. Tanzania ipo theluthi hiyo hiyo kwenye Sheria ya Magereza ya 1967. Mtu aliyekula mvua tisa akatoka baada ya sita hajui jina la Maconochie, ila anatoka kwa wazo lile lile. Tofauti ni kwamba sasa limeandikwa, bwana jela akihamishwa theluthi haihami naye.

Kenya wana mfano mwingine wa karibu. Moody Awori alipokuwa waziri mwenye dhamana ya magereza kuanzia 2003, alifungua milango kwa waandishi, dini na mashirika. Wafungwa wakapata magodoro na televisheni. Ilikuwa kazi njema na wengi wanaikumbuka kwa jina lake. Mwisho wa 2007 akapoteza kiti cha ubunge. Novemba 2008 nchi nzima ikaona kwenye televisheni picha za askari wakiwapiga wafungwa waliovuliwa nguo pale gereza la Kamiti. Sisemi jambo moja lilizaa jingine. Nauliza tu ni kiasi gani cha yale mazuri kilikuwa sheria, na kiasi gani kilikuwa moyo wa waziri.

Karibuni.

Chuma cha Pua

Mkuu, umeandika vizuri sana, ila nikuulize: umewahi kuvamiwa usiku na familia yako ndani? Mimi nimewahi. Aliyenikata panga akila karamu na kupigiwa fataki, mimi nitapata wapi haki yangu? Kila siku mfungwa, mfungwa. Aliyetendewa hakumbukwi.

Mbuyu wa Kale

Pole sana ndugu yangu, na nakushukuru kwa kulisema bila kuficha. Hoja yako siikwepi. Sherehe ile hata mimi naiona kama jambo lililomgharimu Maconochie uungwaji mkono aliouhitaji kwa mambo makubwa zaidi.

Lakini ukiutazama mfumo wa alama wenyewe, haukusema kosa halina deni. Ulisema deni lilipwe kwa jasho, na asiyelipa asitoke. Chini ya miaka ya kawaida, yule aliyekukata panga anaweza kulala kwenye mkeka mpaka kalenda iishe, kisha ukutane naye barabarani akiwa vile vile au mbaya zaidi. Kuhusu aliyetendewa, nakubaliana nawe kabisa. Maconochie hakumwekea nafasi, na wengi waliomfuata hawakumwekea. Hilo ni pengo katika historia hii yote.

Afande Mstaafu

Nimefanya kazi magereza hadi kustaafu, vituo vya bara na pwani, sivitaji. Niongeze ya ndani.

Bweni la watu mia na zaidi usiku linalindwa na askari wachache sana. Rungu halilindi bweni hilo. Kinacholilinda ni theluthi. Kila mfungwa anaijua tarehe yake ya kutoka kwa kichwa, hata asiyejua kusoma. Akifanya kosa akapelekwa mbele ya mkuu wa gereza, adhabu anayoiogopa ni kukatwa siku za msamaha. Nimeona mtu mzima, mwenye misuli, anapiga magoti kwa ajili ya siku 10. Kazi ngumu hakuipigia magoti.

Sasa angalia kinyume chake. Mfungwa wa maisha hana theluthi. Unamtawala kwa nini? Tulikuwa tunatafuta kitu cha kumpa: unyapara, kazi ya jikoni, kufundisha kusoma na kuandika. Ukimpa mtu cha kupoteza, unalala usingizi. Huyo Maconochie na kijana wake wa mafahali, nimemwelewa bila kuelezwa. Mimi nilikuwa naye wa kwangu, tulimpa mashine ya kushona. Alishona sare za gereza zima, na miaka aliyokaa kwenye cherehani hatukupata ripoti yake hata moja.

Na kuhusu msamaha wa rais, vijana mnaelewa nusu. Ni jambo jema, watu wanatoka, msongamano unapungua. Lakini mfungwa hawezi kuufanyia kazi. Hajui utakuja mwaka gani na utawagusa kina nani. Theluthi anaifanyia kazi kila siku.

Binti wa Likoni

Ahsanteni kwa somo. Mimi nawauliza jambo moja. Kakangu amekaa rumande mwaka na miezi, kesi inaahirishwa. Alipewa dhamana lakini hatukuwa na hizo pesa. Yeye hana kifungo, kwa hiyo hana theluthi. Akiwa mpole, siku haipungui. Akiwa mkorofi, haiongezeki. Mamangu anavuka feri kila Jumamosi kumpelekea sabuni. Hizo alama zenu zinamsaidia vipi?

Mbuyu wa Kale

Dada, hazimsaidii, na umegusa mahali ambapo historia ya mageuzi ilianzia kabla ya Maconochie.

Mwaka 1773 John Howard aliteuliwa kuwa shirifu (ofisa mwenye dhamana ya gereza la kaunti) wa Bedfordshire, Uingereza. Wenye cheo hicho hawakuwa wakijisumbua kuingia gerezani. Yeye akaingia. Akawakuta watu ambao mahakama imeshawaona hawana hatia, na wengine ambao mlalamikaji hakutokea kabisa, na bado wamefungiwa, kwa sababu hawajalipa ada ya mkuu wa jela. Mkuu huyo hakuwa na mshahara, aliishi kwa ada za wafungwa. Howard akaomba kaunti imlipe mshahara. Mahakimu wakamwuliza: wapi pengine wanafanya hivyo? Akapanda farasi kutafuta mfano kaunti jirani, akakuta uonevu ule ule kila alikofika, na hakuacha kuzunguka mpaka alipofariki mwaka 1790 huko Kherson, karibu na Bahari Nyeusi. Mwaka 1774 alihojiwa na Bunge, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria kwamba aliyeachiwa na mahakama atoke bila kulipa chochote.

Ndiyo maana swali la kakako naliona zito kuliko yangu. Mfungwa ana tarehe. Mahabusu hana. Miaka 250 baada ya Howard, mtu ambaye hajahukumiwa bado anakaa ndani kwa sababu ya kiasi cha fedha, na mwenye kosa lile lile na fedha mfukoni analala kwake. Kama kuna mageuzi ya kuanza nayo leo, kwangu ni haya, kabla ya magodoro na kabla ya majengo.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito. Masharti ya dhamana yanaweza kupelekwa Mahakama Kuu yapitiwe upya. Mtafute wakili au ofisi za msaada wa kisheria mwaombe dhamana ipunguzwe. Si lazima kusubiri kesi iishe.

Chuma cha Pua

Dada wa Likoni, pole. Nilichosema juu sikukisema kwa ajili ya watu kama kakako. Huyo hata hajahukumiwa.

Binti wa Likoni

Najua kaka, sijakuchukia. Nawe pole kwa yaliyokupata.

Nimezungumza na mtu wa msaada wa kisheria leo kwa simu. Ameniambia nije na nambari ya kesi na nakala ya masharti ya dhamana. Nambari ninayo, nakala sina.

Afande Mstaafu

Nakala inaombwa masjala ya mahakama ambako kesi inasomwa, si gerezani. Nenda mapema asubuhi, taja nambari ya kesi na tarehe ya mwisho iliyotajwa. Wakikuambia faili liko kwa hakimu, uliza litarudi lini na uandike jina la karani aliyekujibu.

Na wenye ndugu waliokwishahukumiwa: mkienda kumwona, mwombeni awaambie tarehe yake ya kutoka iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za gereza. Huwa kuna mbili, ya kifungo kizima na ya baada ya msamaha. Piga hesabu mwenyewe nyumbani. Ukiona hazilingani na hukumu, hasa pale muda wa vifungo viwili ulipotakiwa kwenda pamoja ukaandikwa kufuatana, muone mkuu wa gereza na nakala ya hukumu mkononi. Mimi nimewahi kusahihisha tarehe ya mtu kwa sababu dada yake alikuja na karatasi hiyo.